Kinyota Mbele ya Bahari

Babu yangu alikuwa mvuvi. Bamvua na maji mafu kila mtu anayajua. Yeye alikuwa na jina kwa kila hali iliyo baina yake. Nami, kijana wa kalamu na daftari, sikuandika hata moja. Alipofariki, majina yale yalizikwa naye.

Majuto hayo ndiyo yaliyonisimamisha, usiku mmoja, mbele ya neno dogo katika kitabu cha historia ya lugha za Kikelti: *mori, yaani bahari. Kinyota kile si pambo. Ni ungamo la mwanachuoni kwamba neno hilo, kwa umbo hilo la kale, hakuna aliyelikuta limeandikwa. Limefufuliwa kwa kuwalinganisha wajukuu wake. Kiwelisi husema môr, Kibretoni mor, Kiayalandi muir, na Kimaniksi mooir. Mare ya Kilatini na more ya Kirusi ni binamu zao. Wagauli nao waliuita mwambao wa kaskazini-magharibi ya Ufaransa ya leo Aremorica, yaani penye bahari. Hapo nilitabasamu, kwani nasi Waswahili jina letu limetokana na sawahili, mwambao.

Lakini si kila mjukuu aliyebaki na kiti chake. Nchini Ayalandi, neno farraige limetwaa mazungumzo ya kila siku, na muir limesalia zaidi katika maandishi ya kale na majina ya bahari. Katika kisiwa cha Man, Ned Maddrell, anayehesabiwa kuwa wa mwisho kuirithi lugha hiyo tangu utotoni, alifariki mwaka 1974. Mooir halikuzikwa naye. Mwaka 1948 watu walikuwa wamekwenda kutoka Ayalandi na mitambo ya kunasa sauti, wakamsikiliza yeye na wazee wenziwe. Na tangu 2001 kisiwa hicho kina shule ya msingi inayosomesha kwa Kimaniksi.

Tofauti baina ya babu yangu na mzee yule, basi, si elimu wala bahati. Ni kwamba yule alipata wa kumuuliza.

Jana alasiri niliteremka pwani na daftari. Wazee wawili walikuwa wakishona nyavu. "Shikamooni, wazee wangu," nilisema, nikaketi mchangani. "Maji ya leo mnayaitaje?"