Kwenda Dukani

Tangu ndugu yangu aanguke na bodaboda akaumia kichwa, kuna swali ameulizwa mara nyingi: anaweza kwenda dukani peke yake? Hujibu ndiyo. Kwetu Kawangware duka liko hatua kumi kutoka mlangoni, na mwenye duka anamjua tangu utotoni.

Swali hilo lina kwao. Limo katika kipimo kilichoanzia Glasgow, Uskoti. Mwaka wa 1975, Bryan Jennett na Michael Bond walitaka njia moja ya kueleza mtu amefikia wapi baada ya kuumia ubongo. Mahojiano yake, yaliyopangwa upya mwaka wa 1998, yanauliza pia kama mtu anaweza kusafiri karibu. Akiweza kuita teksi kwa simu na kumwelekeza dereva, inatosha. Ni kipimo cha maana, kinatumika nchi nyingi. Lakini teksi? Sisi tunapanda 46.

Ukimwacha ndugu yangu aongee, atakuambia shida si duka. Ni namba ya siri ya M-Pesa. Ni tarakimu nne tu, lakini zikimpotea lazima amwombe mtu, na huyo mtu sasa ndiye ameshika pesa zake. Ni makanga akigonga bodi, muziki ukiwa juu: kichwa kinajaa, anashuka kabla ya steji yake. Rafiki yake wa Kibera, aliyeumia kwa mjengo, yeye anaogopa reli. Akichoka hajui honi inatoka upande gani.

Kwenye fomu, duka na safari, wote wawili wamewekewa ndiyo. Na shida isiyoandikwa haipangiwi pesa wala mtaalamu.

Ndiyo maana nasema mgonjwa aitwe mapema, maswali yakiwa bado yanaandikwa, si mwisho kuja kuyajibu. Kikao kiwe asubuhi, kabla hajachoka, kifupi, pasipo na kelele. Alipwe nauli na muda wake kama wengine walioketi mezani. Aje na mtu wake, lakini aulizwe yeye. Matokeo yakitoka, aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2008. Ndugu yangu hajausoma. Anachotaka ni swali moja liongezwe: namba yako ya siri unaikumbuka mwenyewe, ama kuna mtu anakushikia?