Mayai ya Kiwavi

Mwaka 1984, katika shamba la chuo cha ualimu nilikofundisha hapa Unguja, mwanachuo mmoja wa kike alinionyesha kiwavi juu ya jani la kunde. Mgongoni alikuwa amejaa vitu vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele. Nikaliambia darasa zima kuwa hayo ni mayai yake, na dawa tayari imo bombani.

"Mwalimu," akauliza, "kiwavi si mtoto wa nondo? Atatagaje naye hajakua?"

Wenziwe wakacheka. Mimi nikamwambia aandike kama nilivyosema. Akaandika.

Hayakuwa mayai. Wako nyigu wadogo mno, milimita mbili au tatu, wasiomchoma mtu. Jike humdunga kiwavi na kutaga ndani ya mwili wake. Mabuu hula humo humo naye angali hai, kisha hutoboa ngozi na kujisokotea vile vifukofuko vyeupe. Kiwavi wa namna hiyo hafiki kuwa nondo. Basi asubuhi ile tuliwapiga dawa askari wetu wenyewe.

Haya niliyasoma nimeshastaafu. Mwaka 1993 wataalamu wa ICIPE waliwaachia pwani ya Kenya nyigu waitwao Cotesia flavipes, waliotoka Pakistan, wamwandame funza wa mabua ya mahindi ambaye naye asili yake ni Asia. Kwa upande wa kunde, watafiti wa IITA kule Benin wamewaleta nyigu kutoka Asia kumkabili Maruca, yule kiwavi anayejificha ndani ya ua na ganda, mahali ambapo dawa haimfikii vizuri. Na sisi Wazanzibari tulikuwa na mfano wetu juu ya minazi: maji moto hao hao wanaotuuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 M. J. Way aliwachunguza hapa hapa, akaonyesha kuwa huzilinda nazi dhidi ya kunguni anayezipukutisha zikiwa changa. Utoto wangu wote nimewachoma moto.

Ya dawa nimeyasamehe. Lakini wanachuo wale walitawanyika Unguja na Pemba, kila mmoja na darasa lake, na daftari lake likisema "mayai". Yule binti sikumwona tena.

Mwaka jana, katika kijishamba changu cha Bambi, nilimkuta kiwavi kama yule. Nikakata jani zima, nikalitia katika chupa, nikafunika kwa kipande cha kanzu kuukuu na kuiweka dirishani kwangu Mji Mkongwe. Siku ya sita wakatoka. Nikahesabu hadi ishirini na saba, macho yakachoka.

Nikapanda daladala na chupa yangu mapajani.

"Shikamoo mzee," akasema kijana wa jirani yangu. "Siku hizi wafuga mbu?"

Nikamwambia aliweke chini bomba lake, aje aone. Nikafungua kitambaa katikati ya kunde.