Mistari Yenye Meno

Msomaji mwenzangu, naanza kwa kukiri. Msimu ule niliuza gunia la maharage ya mzee hapa Chala, nikamwambia bei imeanguka. Uongo mtupu. Hela niliyoificha ilinunua kadi ya grafiksi ya mtumba, ya kompyuta ya kibanda changu cha gemu.

Kisa ni ngazi. Washikaji walikuwa wakinichamba: "Kaka, mbona barabara ina meno kama msumeno?" Si unajua, kioo cha kompyuta ni vitone vya mraba, mstari ukilala mshazari, hauna budi kupanda kwa vidato. Frank Crow alilichambua tatizo hili mwaka 1977, nasi tunahangaika nalo hadi leo.

Kadi ikafika, nikajaribu dawa moja moja. SSAA huchora picha kubwa zaidi, kisha huipunguza kwa kuchanganya rangi. Safi ajabu! Lakini vitone 921,600 mara nne ni vitone 3,686,400. Gari likatambaa kama trekta topeni. MSAA ni janja zaidi: hupima sehemu kadhaa za kitone ili kulainisha kingo, ila rangi huikokotoa mara moja. Kasi ikarudi, lakini majani ya miti yakabaki na meno. TAA hukopa kutoka picha zilizotangulia. Gari likikimbia, huacha mzimu wake nyuma. FXAA, aliyoibuni Timothy Lottes akiwa NVIDIA, husubiri picha iishe kuchorwa, hutafuta penye meno, kisha hupakaza. Rahisi mno kwa mashine, ila hata maandishi huweza kuingia ukungu.

Nikachagua FXAA. Washikaji wakashangilia, kibanda kikajaa. Mimi usiku sikulala. Nilichomfanyia mzee kilikuwa hichohicho: meno yapo palepale, nimeyapakaza tu.

Asubuhi nikamfuata shambani, nikamwambia yote, bei na kiasi nilichochukua. Akanyamaza, ameegemea jembe.

"Hiyo mistari yako iliyonyooka, inaliwa?"

"Hapana, baba."

"Basi mbolea utanunua wewe."

Nalipa mpaka leo, kidogo kidogo, kwa shilingi za washikaji. Zamani nilikuwa nikimpa hela anaitia mfukoni bila kuitazama. Siku hizi anaihesabu mbele yangu, noti kwa noti.