Hoteli ya Sugu na Sauti ya Mnyonge

Likizo iliyopita nikiwa Masieda, wilayani Mbulu, vijana waliniuliza swali ambalo hulisikia pia darasani: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, ana hoteli Mbeya, je, bado ana haki ya kuwasemea wanyonge?

Alianza miaka ya 1990, wazazi wengi wakiiona rapu kuwa uhuni. Katika "Hali Halisi" aliusema ugumu wa maisha na lawama za siasa bila kupamba. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimchagua kuwa mbunge kupitia CHADEMA, ikamrudisha 2015. Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatoa mkutanoni dhidi ya Rais, akaachiwa Mei. Hoteli yake inaitwa Desderia, jina la mama yake.

Tumezoea kumpima mwanaharakati kwa viraka vya nguo yake. Ni kweli, mali nayo hutia woga wa kuipoteza. Lakini njaa ni kamba fupi zaidi: msanii asiye na chake huimba kampeni ya anayelipa, na mtumishi wa umma hunyamaza akiukumbuka mshahara. Wafugaji wa Masieda wanalijua hili. Mwenye ng'ombe wake hujibu mkutanoni; anayechunga wa mwingine huinamisha kichwa.

Kwa hiyo tusiishie kumuuliza msanii ana nini. Tumuulize amekipata kwa nani, na kama bado anaweza kumwambia huyo: hapana.