Hina kwenye Nyayo za Saluki

Nimezaliwa Lamu, mji wa punda na paka. Mbwa kwetu ni kiumbe wa kupishwa njia. Tumelelewa katika madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilipofika Buraimi, Omani, kufanya kazi ya shamba, nikakuta kazi yenyewe ni kutunza saluki, mbwa wa mbio, nilikesha nikiwaza nauli ya kurudi.

Aliyenibakisha ni mzee mmoja wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, ambaye Kiswahili hakijamtoka mdomoni. Alinikumbusha kuwa Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na kuwa Mabedui humlaza saluki hemani huku mbwa wengine wakibaki nje. "Mwanangu," akasema, "kumshika mguu mkavu hakukutoi udhu. Mate utayaosha. Lakini huyu ni amana, na amana ya mbwa wa mbio iko miguuni."

Siku hizo tulikuwa tumeletewa jike wa miezi mitano, aliyelelewa ndani ya nyumba yenye sakafu ya marumaru. Vidole vilikuwa vimetawanyika, nyayo bapa, na vifundo vya miguu ya mbele vimelegea karibu vifike chini. Kucha zake zilikuwa ndefu mno. Mzee alinionyesha chanzo: ukucha mrefu ukigonga chini hukisukuma kidole juu, uzito ukahamia nyuma ya wayo, na kano zikavutika kila hatua. Sakafu telezi nayo haivipi vidole kitu cha kung'ang'ania, kwa hiyo havipati nguvu.

Tajiri wetu alitaka mtoto huyo wa mbwa apewe unga wa kalsiamu, kisha akimbizwe nyuma ya gari ili akakamae. Mzee alikataa yote mawili, na daktari wa mifugo akamuunga mkono. Chakula kamili cha watoto wa mbwa kina kalsiamu ya kutosha, na kuizidisha huvuruga ukuaji wa mifupa. Karibu na ncha za mifupa hiyo mna gegedu linaloirefusha, na kwa mbwa wakubwa huchukua mwaka, pengine mwaka na nusu, kukomaa. Mguu wa mbele una mifupa miwili iliyolala pamoja. Mmoja ukiumia penye gegedu hilo ukaacha kukua, mwenzake huendelea, na mguu hupinda.

Basi tukamwachia. Alfajiri, ardhi ikiwa baridi, tulimfungulia kwenye mchanga mgumu wa bondeni bila kamba wala gari. Alikimbia alipotaka, akachimba, akarukaruka na wenzake, akalala alipochoka. Kule kuchimba ndiko kulikonifunza zaidi, maana niliona kila kidole kikijikunja na kushika. Baadaye tukamzoesha changarawe, kidogo kidogo, ngozi ya chini ya wayo ipate unene bila kuchubuka. Ukucha tuliukata kwa vipande vyembamba, mara kwa mara, kwa sababu nyama hai iliyo ndani yake hurudi nyuma polepole ukiwa na subira. Jua likipanda, niliweka mgongo wa mkono chini. Nisipoweza kuuvumilia mchanga, hakuna mbwa aliyetoka. Wawindaji wa zamani walimpandisha saluki juu ya ngamia hadi windo lionekane, nyayo zisiungue kabla ya kazi.

Kisha mzee akaja na bakuli la hina. Kwetu hina ni mikono ya bibi harusi, na shangazi zangu wameishi kwa kuipaka. Mabedui huipaka kwenye nyayo za saluki, kwa pambo na kwa kuikaza ngozi. Nikasema niikoroge mimi, kwa kuwa uzito wake naujua tangu utotoni. Nikaketi, nikaushika ule mguu, nikatenganisha nywele kati ya vidole, nikatoa mwiba mmoja mdogo, nikapaka. Yule jike alitulia, akanitazama. Woga wangu uliishia pale. Mate yakinigusa bado naosha kama nilivyofundishwa, lakini moyo haushtuki tena.

Alipokaribia mwaka, vidole vilikuwa vimejikusanya na vifundo vimesimama. Kidole kimoja cha pembeni kilibaki kimekaa upande, nacho hakikumzuia kukimbia.

Siku hizi saluki wengi wanalelewa kwa mashindano, kama yale ya tamasha la Al Dhafra kule Abu Dhabi, na hamu ya kushinda huwatia wenye mbwa haraka. Mwaka jana mmoja aliniletea dume wa miezi sita, akitaka nimfunge nyuma ya gari. Zamani ningeinamisha kichwa, kwani mfanyakazi ni mimi. Nilimwambia, "Shekhe, huyu bado ni mtoto," nikauinua mguu wa mbwa na kumwonyesha gegedu linakokua. Aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata alimtuma dereva kuniuliza mtoto aachiwe saa ngapi, na kucha zikatwe vipi.