Kamera Inafuata Mpunga

Ukisema unafungua studio ya picha, wenzako wanauliza kamera gani. Mimi nilianza na kalenda. Kwetu Chimala, wilaya ya Mbarali, hela ni mpunga. Ukishavunwa, kuanzia Mei hivi, harusi zinafuatana, na likizo yetu ndefu inaangukia humo humo. Masika watu wako mashambani. Anayekuja anataka pasipoti saizi tu.

Kwa hiyo bumu langu lilinunua printa ndogo na kitambaa cha bluu. Nikiwa chuo, mdogo wangu anapiga kwa simu. Pasipoti zinalipa umeme na karatasi. Kamera nakodi siku ya harusi, advansi ikishaingia.

Mama akauliza, "Mwanangu, ualimu ndiyo umeuacha?"

Sijauacha, mama. Ila ajira tunaisubiri wengi, na kusubiri nako kunataka hela ya kula.