Vitabu vya wauaji tunavyosoma jioni

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosoma kwenye simu huko mlikokimbilia, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nataka tuongee juu ya vitabu vya upelelezi, vile ambamo mtu anauawa kwenye kurasa za kwanza na muuaji anajulikana kwenye kurasa za mwisho. Wengi wananiuliza: wewe unayeandika juu ya maiti mchana kutwa, unatoa wapi hamu ya kusoma maiti wengine usiku?

Jibu langu ni fupi. Katika vitabu hivyo kuna mtu anayelipwa kutafuta. Anarudi mara ya pili na ya tatu kwenye nyumba ileile, anauliza, anaandika. Mama wa marehemu haombwi pesa ya mafuta ya pikipiki ili uchunguzi uanze. Kwetu sisi, hiyo peke yake ni hadithi ya ajabu kuliko za majini.

Vitabu nanunua chini, kwa vijana wanaotandika shitingi karibu na soko. Karibu vyote ni vya Kifaransa, vingine havina jalada. Jioni ninavifasiri kwa Kiswahili, kwa sauti, kwenye uwanja wa jirani yangu aliyepokea familia tatu za wahami. Kwa hiyo maoni ninayotoa hapa si yangu peke yangu.

Tulianza na Jean-Christophe Grangé, Mfaransa, kwa sababu kuna jina la nchi yetu juu ya kitabu: "Congo Requiem", cha mwaka 2016, kinachofuata "Lontano" cha 2015. Polisi wa Paris anakuja mpaka Katanga kuchimba siri za baba yake, ambaye zamani alimkamata huko muuaji aliyeitwa Mtu wa Misumari. Jamaa huyu anajua kukimbiza hadithi, huwezi kulala. Lakini damu ni nyingi mno, na Kongo yake ni mvua, matope na bunduki. Mimi nimepita njia nyingi za nchi hii, hata siku mbaya kabisa, na sijawahi kukosa mtu anayeuza mandazi pembeni. Vijana walikipenda. Wazee waliomba nisitishe, wakasema hayo wanayajua tayari.

John le Carré, Mwingereza aliyefariki mwaka 2020, alitukaribia zaidi. Kitabu chake cha 2006, "The Mission Song", kinamhusu mkalimani anayeitwa Salvo, mtoto wa padri wa Ireland na mama Mkongomani. Anasikia Kiswahili na lugha nyingine za Kivu, na anaitwa kutafsiri mkutano wa siri ambamo watu wa nje wanapanga kuinyakua Kivu na madini yake. Kinachonifurahisha ni kwamba shujaa hana bunduki, ana masikio tu. Wakubwa wanasahau kwamba mkalimani naye ni mtu anayeelewa. Mzee mmoja aliyewahi kuwatafsiria wageni wa mashirika alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanyamaza muda mrefu. Hatukumuuliza kitu.

Cha Kiswahili chenyewe tulikuwa na kimoja tu, "Kikosi cha Kisasi" cha Mtanzania Elvis Musiba. Mpelelezi wake, Willy Gamba, anakuja mpaka Kinshasa ya wakati wa Zaire. Kinafurahisha, na mimi nilipumzika kufasiri. Ila Willy hakosi pesa hata siku moja.

Kilichotugusa zaidi ni kile cha zamani kuliko vyote: "Le Chien jaune" cha Mbelgiji Georges Simenon, cha mwaka 1931. Mji ni Concarneau, kando ya bahari huko Ufaransa. Mtu anapigwa risasi usiku, mbwa wa rangi ya manjano asiye na mwenyewe anaonekana, na gazeti linaandika kwamba hofu imetawala mji. Basi, hofu inatawala kweli. Watu wanamrushia mbwa mawe. Na kuna mgeni, jitu kubwa lisilojulikana, ambalo limeonekana pembeni ya mji. Bila ushahidi wowote, kila mtu ameshajua kwamba ni yeye.

Hapo uwanja mzima uliamka. Wahami walimtetea yule mgeni kama ndugu yao wa damu. Mmoja alisema: "Sisi tulipofika hapa, kuku akipotea walikuja kwetu kwanza." Wenyeji waliokaa nasi waliangalia chini. Mwenye nyumba alijibu kwamba kuku walipotea kweli, na ubishi ukaanza, kitabu kikafungwa. Mwisho wake sitawaambia, maana kuna ambao hawajasikia bado. Nasema tu kwamba Simenon alikuwa ameelewa uvumi unavyofanya kazi, na kwamba habari moja ya gazeti inaweza kuandikwa na mtu mwenye sababu zake.

Halafu kuna Maigret, komisari wake. Anavuta kiko, anakunywa bia, haonyeshi haraka. Badala ya kukimbilia muuaji, anauliza marehemu alikuwa nani, alikula wapi, aligombana na nani. Mama mmoja mzee, ambaye kijana wake aliuawa njiani walipokuwa wakikimbia, alisikiliza sana, akaniambia: "Mwanangu, mimi hakuna aliyeniuliza hata alikuwa amevaa nini."

Nilimuuliza. Shati ya bluu, na kandambili ambazo hazikufanana.

Katika kazi yangu naandika "watu wanane wameuawa" na habari inapita. Majina nayakusanya, lakini mara nyingi familia zinaniomba nisiyaseme redioni, kwa sababu waliofanya hivyo nao wanasikiliza. Maigret hana shida hiyo: akimaliza kuuliza anarudi Paris kwa mke wake, wakati wale waliomjibu wanabaki palepale. Hilo ndilo ninalomdai Simenon, na vitabu vyote vya namna hii nilivyosoma: shahidi anasema, kisha anatoweka kwenye kurasa. Ningependa kusoma kitabu kimoja kinachobaki na yule shahidi usiku ule na kesho yake.

Sasa Simenon zimetuishia. Mwenye moja, hata isiyo na jalada, anipatie kupitia redio. Nitaifunga vizuri na kuirudisha. Yenye kurasa za mwisho zilizochanika tafadhali msilete, uwanja wetu una ubishi wa kutosha.